Mishale ya mafuta na joto hupanda nikiwasha taa: je, ninunue dashibodi nyingine?

SWALI: Ninaishi Tanga na ninaendesha Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998. Kwa miezi miwili sasa, kila nikiwasha taa kubwa usiku, mshale wa mafuta hupanda kutoka robo hadi kupita nusu, na mshale wa joto nao husogea juu. Nikizima taa, yote miwili hushuka. Wiki iliyopita gari lilinizimikia njiani kwa kukosa mafuta ilhali geji ilionyesha nusu tangi. Fundi amesema dashibodi imekufa, ninunue nyingine iliyotumika. Je, nimsikilize?

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa usumbufu wa njiani. Usinunue dashibodi kwanza. Maelezo yako yana dalili moja yenye thamani kubwa, nayo ni kwamba mishale miwili isiyohusiana hupanda kwa pamoja pale taa zinapowashwa. Geji ya mafuta na geji ya joto zina vihisio tofauti, kimoja ndani ya tangi na kingine kwenye injini, na si rahisi viharibike siku moja kwa namna moja. Kinachoziunganisha ni umeme unaoingia kwenye dashibodi na njia ya umeme huo kurudi kwenye betri kupitia bodi ya gari, yaani athi.

Ili uelewe ninachokisema, angalia jinsi geji ya mafuta inavyofanya kazi. Ndani ya tangi kuna floti iliyoshikwa na mkono wa chuma, na mkono huo husugua juu ya kipande chenye ukinzani wa umeme, yaani kinachouzuia umeme usipite kwa wingi. Katika Toyota za umri wa gari lako, tangi likijaa ukinzani hupungua, na mafuta yakipungua ukinzani huongezeka. Dashibodi hupeleka mkondo mdogo kupitia kipande hicho, na kadiri mkondo unavyokuwa mkubwa ndivyo mshale unavyosogea kuelekea F. Kihisio cha joto nacho hufuata kanuni hiyohiyo, kwa kuwa ukinzani wake hupungua injini inapopata moto. Sasa, athi ya dashibodi ikiwa imelegea au imeshika kutu, umeme wa geji na wa balbu zinazoangaza dashibodi pale unapowasha taa hukosa njia nzuri ya kurudi, na sehemu yake hutafuta njia nyingine kupitia vihisio hivyo. Mkondo katika vihisio huongezeka, na mishale yote miwili hupanda ingawa ndani ya tangi hakuna kilichobadilika. Dashibodi inapeleka habari ilizoletewa, na wahenga walishasema mjumbe hauawi.

Kipimo cha kuthibitisha hili hakichukui robo saa. Weka testa, yaani mita ya kupima umeme, kwenye volti za umeme wa betri, gusa ncha moja kwenye kichwa hasi cha betri na nyingine kwenye waya wa athi unaoingia kwenye plagi ya nyuma ya dashibodi, kisha washa swichi ya gari bila kuwasha injini, na uwashe taa kubwa. Athi nzuri husoma chini ya sehemu moja ya kumi ya volti. Ukiona nusu volti au zaidi, na hasa ukiona namba inaruka pale taa zinapowaka, umelipata tatizo. Fuata waya huo hadi mahali ulipofungwa kwenye bodi. Mara nyingi ni boliti iliyo kwenye ukuta wa pembeni mwa miguu, chini ya plastiki, mahali ambapo zulia likioshwa na lisikauke vizuri, kutu huanza. Nanyi wa pwani mna chumvi ya hewani inayoiharakisha. Fungua boliti, sugua chuma na kichwa cha waya kwa msasa mpaka ving'ae, kaza tena na upake grisi kidogo juu yake.

Kama athi ya bodi ni safi na mishale bado inacheza, ndipo ufungue dashibodi. Ondoa waya hasi wa betri na usubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa chochote karibu na usukani, iwapo gari lina mfuko wa hewa. Shusha usukani, fungua fremu ya plastiki, kisha skrubu zinazoshika dashibodi, na uivute taratibu mpaka mkono ufikie plagi za nyuma. Usivute kwa nguvu, kwani vishikizo vya plastiki vya umri huu huvunjika kwa urahisi. Nyuma yake, katika dashibodi nyingi za zamani, utaona karatasi ya plastiki yenye mistari ya shaba, na geji zimefungwa juu yake kwa skrubu ndogo. Skrubu hizo hazishikilii tu. Umeme hupita ndani yake. Nimekutana na geji iliyosumbua mwaka mzima kwa sababu ya skrubu moja iliyolegea nusu mzunguko, na chini yake kulikuwa na duara dogo jeusi la kutu. Zikaze kidogo kwa bisibisi ya mkono na usizidishe, kwa sababu uzi wa skrubu ukikatika kwenye plastiki hutaurudisha. Usifute kioo cha mbele kwa petroli wala kwa kitambaa chenye mchanga, na usiguse mishale. Ikihama kwenye mhimili wake, usomaji wote huharibika.

Gari zilizotengenezwa baadaye ni habari nyingine. Mshale huzungushwa na mota ndogo inayosogea hatua kwa hatua kwa amri ya kompyuta, na tatizo la kawaida ni ufa mwembamba wa duara kwenye lehemu ya mguu wa mota au wa soketi, unaoonekana kwa kioo cha kukuzia. Lehemu hiyo hufufuliwa kwa uangalifu na mtu aliyezoea vibao vya umeme.

Kuhusu dashibodi iliyotumika, kuna jambo linalonisumbua sana kuona wateja wakilipuuzia. Katika gari kama lako, kilomita huhifadhiwa ndani ya dashibodi yenyewe, iwe kwa magurudumu ya namba au kwa chipu. Ukibadilisha dashibodi umebadilisha historia ya gari. Ikilazimika siku moja, piga picha ya kilomita za zamani na za mpya, andika tarehe, na uzihifadhi pamoja na kadi ya gari, ili mnunuzi wako wa kesho asidanganywe hata kama wewe hukukusudia.

Jambo la mwisho ni taa nyekundu ya betri. Katika baadhi ya gari za zamani, mkondo unaoamsha altaneta hupitia taa hiyo. Ukifungua dashibodi, hakikisha unairudisha ikiwa nzima, na uione ikiwaka swichi inapowashwa kabla ya injini kuwaka, la sivyo huenda altaneta ikagoma kuchaji.

Ukishakaza athi, jaribu usiku gari likiwa limesimama mahali pa tambarare. Washa swichi, subiri mshale wa mafuta utulie, washa taa. Kama haukusogea hata upana wa mshale wenyewe, lirudishe gari kazini. Kama umesogea, niandikie volti ulizopima kabla na baada ya kusafisha.