Shimo la Ploti ni la Choo

Msomaji wa Likoni anauliza: "Mwalimu, tulitazama filamu ya anga za juu iliyotengenezwa kwa mamilioni ya dola, ikatuharibikia katikati kwa sababu mambo yake hayaoani. Wenzangu wasema ina 'mashimo ya ploti', yaani 'plot holes' za Kiingereza. Je, hicho ni Kiswahili?"

Ni Kiswahili, ila cha wenye nyumba. Mtu wa Mombasa akisikia "ploti" anawaza futi hamsini kwa mia, mawe ya mpaka na hatimiliki. Mwongezee "shimo" na habari imekamilika: choo kimejaa, aitwe mwenye lori la kunyonya. Mwambie sasa kwamba shimo hilo limekuharibia filamu, atakupa pole na kukuuliza mlikuwa mmeketi wapi.

Ploti yenyewe nimekwisha kuisamehe. Walimu wa fasihi wameisomesha hadi imeota mizizi, na hata kwa Waingereza neno hilo lilikuwa kipande cha ardhi kabla ya kuwa mpango wa hadithi. Nisilolisamehe ni shimo. Mwingereza ana neno moja kwa kila kilicho wazi, sisi twapambanua. Shimo huenda chini na lina mwisho: shimo la taka, shimo la choo, Shimo la Tewa kule Shanzu (tewa ndiye yule samaki ambaye wa Unguja humwita chewa). Tundu hutokea upande wa pili: tundu la sindano, tundu la ufunguo. Chandarua chako kikipitisha mbu, husemi kina shimo. Basi hadithi inayovuja ina shimo kwa mkataba gani?

Tena kazi ya kutafuta neno ilikwisha kufanywa na wasuka mikeka. Mpango wa matukio tunao kwa jina la msuko, na kilichosukwa vibaya hufumuka. Sema "msuko umefumuka", utaeleweka kuanzia Kongowea hadi Vanga. Atakayetatizika ni mwanauchumi peke yake, maana yeye kila mfumuko ni wa bei.

Kinachoniudhi zaidi ni kulibandika shimo hilo kila mahali. Chukua Gravity, ya mwaka 2013. Wanaanga wako kwenye darubini ya Hubble, chombo chao kinaharibiwa, wanaamua kwenda Kituo cha Kimataifa cha Anga kwa kusukumwa na mkoba wa mgongoni wenye injini ndogo za gesi. Watazamaji wakapiga kelele: shimo la ploti! Hapana. Ni kweli safari hiyo haiwezekani: njia ya Hubble ya kuizunguka dunia imeinama nyuzi 28.5 kutoka ikweta, ya Kituo nyuzi 51.6. Wakati huo Hubble ilikuwa juu kiasi cha kilomita 550, Kituo kiasi cha 400, lakini kimo ndicho kidogo katika tatizo. Kugeuza mwinamo huo peke yake kwataka kubadili mwendo kwa takriban kilomita 3 kwa sekunde, na mkoba wa mgongoni hauwezi hata sehemu ndogo ya hapo. Hata chombo kizima hakikuweza: chombo cha Atlantis kilipokwenda kuitengeneza Hubble mwaka 2009, chombo kingine, Endeavour, kiliwekwa tayari kuwaokoa wanaanga, kwa kuwa kukimbilia Kituo kusingewezekana.

Hilo ni kosa la kisayansi, na ni kubwa. Lakini filamu yenyewe imeviweka viwili hivyo jirani tangu mwanzo, wala haikujikana. Ndiyo hali ya mlipuko unaonguruma pasipo hewa katika filamu nyingine: sayansi imekosewa, msuko mzima.

Usichanganye pia na pengo. Shujaa yuko Mirihi, mara yuko duniani, safari hatukuonyeshwa. Msimulizi ana ruhusa ya kuruka njia.

Msuko hufumuka filamu inapovunja sharti lake yenyewe. Tuseme dakika ya 20 nahodha anaapa kwamba lango la chombo halifunguki ila kwa funguo mbili, za watu wawili. Dakika ya 110 analifungua peke yake, na ufunguo wa pili umeachwa kwenye sayari nyingine pamoja na maiti ya mwenyewe. Hapo hata asiyejua fizikia anasonya.

Kwa hiyo, msomaji wangu, waulize wenzako kilichowaudhi: ni kosa, ni pengo, au msuko umefumuka? Wakishikilia kwamba ni shimo, wape namba ya lori.