Familia moja ya Kisumu inauliza: fizi za mtoto wetu zinafunika meno, ni uchafu au ni ukoo?
Huenda si uchafu. Kwenye fizi zinazokua kupita kiasi kwa kurithi, seli za faibroblasti (zinazojenga nyama ya fizi) hutengeneza kolajeni, yaani protini ya nyuzinyuzi, kupita kiasi, huku vimeng'enya vya kuivunja vikipungua. Protini iitwayo TGF-β1, inayopeleka ishara kwa seli, huchochea hali hiyo. Katika baadhi ya familia chanzo ni hitilafu ya jeni ya SOS1, iliyotambuliwa 2002, inayoziacha seli zikipokea ishara ya kukua bila breki. Mzazi mmoja akiwa nayo, kila mtoto ana uwezekano wa 50%. Kupiga mswaki hupunguza uvimbe tu. Zikikatwa, zaweza kuota tena. Ila kama huyo mtoto wenu hapo Kisumu anameza fenitoini, dawa ya kifafa, mwambieni daktari wa meno mapema, maana nayo hukuza fizi vivyo hivyo. Msiikatize dawa hiyo wenyewe.