Kuhusu ngozi za kupandia mlima kwa skii

Ndugu, umeuliza kama ngozi za kupandia (vitambaa vyenye manyoya vinavyobandikwa chini ya skii, yaani mbao za kutelezea thelujini, ili zisirudi nyuma unapopanda) ziwe za nailoni au za moheri, na kama unaweza kuzikata mwenyewe nyumbani. Kwa safari ndefu za Alps, mimi ningechagua mchanganyiko wa moheri asilimia 70 na nailoni 30, kwa kuwa manyoya ya mbuzi wa Angora huteleza vyema kwenda mbele na ni mepesi, ilhali nailoni hushika zaidi kwenye mteremko mkali na huchelewa kuchakaa.

Kukata hakuhitaji fundi: nunua ngozi pana kuliko skii, ibandike, kisha ukate kwa kufuata umbo la skii huku ukiacha ukingo wa chuma wazi, takriban milimita 2 kila upande, kwani ukingo uliofunikwa haushiki theluji ngumu unapokatiza mteremko. Kinachosumbua wengi (na wauzaji hawakisemi sana) ni gundi, ambayo hudhoofika kwa baridi kali au ikiingiwa na theluji. Kwa hiyo unaposhuka, zikunje gundi kwa gundi na uziweke ndani ya koti. Theluji ikiwa majimaji, paka manyoya nta ili isigandame kwa mabonge.