Majengo tumeyaona, dawa je?

Kaka, umeuliza kwa nini huku Mwanza wengi hawamsifu Rais Samia kwa afya wakati vituo vipya vinajengwa. Vituo tumeviona, na mama anayejifungulia karibu na kwake anashukuru kweli. Ila mtu anapimia dirisha la dawa. Juzi nimempeleka mwanangu, malaria imempanda. Nikapewa karatasi, "kanunue nje". Mkononi nina elfu mbili, mtoto anachemka mgongoni! Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Bunge limeipitisha Novemba 2023, nami naiunga mkono. Lakini mvuvi wa dagaa pale Igombe, mbalamwezi ikiwa kali haingii ziwani, hana hela. Huyo mchango wake wa bima atautoa wapi?