Ørsted aligundua, alivumbua au alibuni?

Swali: Ninaandaa kipindi cha sayansi cha watoto redioni. Katika muswada, nikieleza usumakuumeme, yaani uhusiano wa umeme na sumaku, niliandika: "Ørsted aligundua usumakuumeme, Ampère akauvumbua zaidi, na Faraday akaubuni." Nilibadilisha vitenzi ili neno moja lisijirudie. Mhariri wangu anasema nimepotosha historia. Kwani vitenzi hivi si visawe?

Jibu: Mhariri wako yuko sahihi. Vitenzi hivi vinakaribiana, ila kila kimoja kinadai jambo lake kuhusu mtu anayetajwa. Afadhali urudie neno mara kumi kuliko kumpa mwanasayansi kazi ambayo hakuifanya.

Kugundua tunakutumia kila siku: "Nimegundua kuwa funguo zimebaki ndani." Jambo lilikuwapo, sisi ndio tuliochelewa kuling'amua. Ndivyo ilivyokuwa kwa Hans Christian Ørsted, profesa wa Copenhagen, Denmark. Mwaka 1820, akiwa katika mhadhara, alipitisha mkondo wa betri kwenye waya uliokuwa karibu na dira, na sindano ya dira ikacheza. Julai mwaka huohuo akachapisha maelezo yake kwa Kilatini, kurasa nne tu. Nguvu ile hakuitengeneza yeye, kwa hiyo aligundua. Hata hivyo, ningependa kitenzi hicho ukifuatishe na "kwamba": aligundua kwamba mkondo wa umeme hugeuza sindano ya dira. Ukisema "aligundua usumakuumeme" ukaishia hapo, unamkabidhi mtu mmoja shamba zima ilhali yeye alilima tuta la kwanza.

Wapo pia wanaosema Ørsted "alibahatisha". Hili linaniuma, maana kubahatisha ni kukisia bila msingi, na Ørsted alikuwa ameamini kwa miaka mingi kwamba umeme na sumaku vina uhusiano. Ukitaka kutaja bahati, sema alibahatika.

Kubuni ni kuleta kitu ambacho hakikuwapo. William Sturgeon, Mwingereza, alichukua chuma kilichopindwa mfano wa kiatu cha farasi, akakizungushia waya wenye mkondo, na mwaka 1825 akawaonyesha watu kikinyanyua uzito mkubwa kuliko wa chuma chenyewe. Huyo alibuni, na alichobuni ni sumaku ya umeme, yaani kifaa. Usumakuumeme, wenye kiambishi u-, ni hali ya maumbile, nayo haikubuniwa na binadamu yeyote. Kuna hatari nyingine hapa: tunasema "hadithi ya kubuni" na "habari za kubuni". Mtoto akisikia kwamba Faraday "aliubuni" usumakuumeme, anaweza kudhani aliutunga kichwani.

Kuvumbua ndiko kunakosumbua zaidi, kwa sababu Kiswahili kimekiruhusu kitenzi hiki kusimama pande zote mbili. Tunasema mvumbuzi wa simu, na tunasema pia uvumbuzi wa nchi au wa madini. Si kosa kukitumia, lakini msikilizaji habaini kama kitu kilionwa au kiliundwa. Redioni, ambako hawezi kurudi nyuma kusoma tena, mimi ningekiepuka. Na "akauvumbua zaidi" hakufai kabisa: jambo likishavumbuliwa, kinachofuata ni kulichunguza na kuliendeleza. Hiyo ndiyo kazi ya André-Marie Ampère. Habari za Ørsted zilipofika Paris Septemba 1820, alianza majaribio mara moja, akaonyesha kwamba nyaya mbili sambamba huvutana mikondo yake ikielekea upande mmoja, na husukumana ikielekea pande tofauti. Kisha akalitungia jambo hilo kanuni za hisabati.

Michael Faraday, mtoto wa mhunzi aliyejifunza kazi ya kujalidi vitabu kabla ya kuingia maabara jijini London, anastahili vitenzi viwili. Mwaka 1821 alibuni kifaa ambacho ndani yake waya wenye mkondo ulizunguka sumaku. Mwaka 1831 aligundua kwamba sumaku ikisogezwa kwenye koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi, huzalisha mkondo. Joseph Henry wa Marekani aligundua jambo hilo pia, kivyake, ila Faraday alitangulia kuchapisha. Kiswahili hakizuii watu wawili kugundua kitu kimoja, kwa hiyo usione haya kusema "naye Henry aligundua".

Wa mwisho ni James Clerk Maxwell. Huyu usimwekee kugundua wala kubuni. Katika miaka ya 1860 alikusanya matokeo ya wenzake katika milinganyo ya hisabati, akatabiri mawimbi ya sumakuumeme na kueleza kwamba mwanga ni mojawapo. Kutabiri kumeshazoeleka katika hali ya hewa, hakutamfanya aonekane mpiga ramli. Kubashiri kuache, siku hizi kumetekwa na michezo ya kamari. Heinrich Hertz, Mjerumani, ndiye aliyeyathibitisha mawimbi hayo kwa majaribio mwishoni mwa miaka ya 1880.

Sentensi yako basi ningeiandika hivi: "Ørsted aligundua kwamba mkondo wa umeme hugeuza sindano ya dira. Ampère akalichunguza jambo hilo na kulitungia kanuni. Faraday naye akagundua kwamba sumaku inayosogea huzalisha umeme."