Maswali na Majibu: Bolsover, jimbo lililobaki baada ya makaa ya mawe

Bolsover ni mji au mashamba?
Ni vyote viwili. Jimbo hili la uchaguzi liko Derbyshire, Uingereza: miji midogo na vijiji kama Shirebrook na Creswell, katikati malisho na mashamba. Vijiji vingi vilikua kwa sababu ya mgodi. Migodi ya Bolsover na Shirebrook ilifungwa mwaka 1993.

Ni kweli mbunge mmoja alikaa karibu miaka 50?
Kweli. Dennis Skinner wa Labour, chama cha wafanyakazi, mchimbaji mwana wa mchimbaji, aliingia bungeni 1970. Mwaka 2017 alishinda kwa tofauti ya kura 5,288. Mwaka 2019 Mark Fletcher wa Conservative, chama cha kihafidhina, akamwangusha kwa tofauti ya kura 5,299.

Wachimbaji waliwezaje kukipigia kura Conservative, chama ambacho serikali yake ilipambana nao kwenye mgomo wa wachimbaji wa 1984 hadi 1985?
Swali hili linaniuma, kwa sababu wengi hulijibu kwa kuwaita watu hao wasaliti. Mgomo wenyewe uliwagawa, hata ndugu wa nyumba moja. Kisha mgodi ulipofungwa, mshahara haukuondoka peke yake. Kijana alikuwa akijifunza siasa kwa wazee wa zamu yake, chama cha wafanyakazi kikimtetea, na jioni wakikutana klabuni. Hayo yalipokwisha, Labour ilibaki jina kwenye karatasi ya kura. Palipokuwa na mgodi wa Shirebrook pakajengwa ghala kubwa la bidhaa za michezo, na mwaka 2016 kamati ya Bunge ililaani vikali jinsi wafanyakazi wa humo walivyotendewa. Mwaka huohuo, wapiga kura wapatao 7 kati ya 10 wa wilaya ya Bolsover walitaka kujitoa Umoja wa Ulaya. Kwa maoni yangu, dalili zilionekana mapema. Waliopaswa kusikiliza hawakusikiliza.

Sasa nani mbunge?
Natalie Fleet wa Labour, tangu 2024.

Kuna kumbukumbu yoyote ya wachimbaji?
Ipo Markham, palipokuwa na mgodi mwingine, karibu na Bolsover. Julai 1973 breki ya lifti ya mgodi ilikatika ikiwa na watu 29 waliokuwa wakishuka kazini, 18 wakafa. Mgodi huohuo ulikuwa umeua 9 mwaka 1937 na 79 mwaka 1938. Leo kuna sanamu 106 za chuma kando ya njia ya miguu, moja kwa kila aliyekufa, zimesimama kama watu wanaoelekea zamu. Ukipita, unatembea nao bega kwa bega.