Je, jenereta inaweza kuendeshwa kwa maji kama roketi ya Mirihi?

SWALI: Mwalimu, pokea salamu kutoka Goma. Nimesoma kwamba wanaanga watakaotumwa Mirihi watatengeneza huko huko fueli ya kuwarudisha, kwa kutumia hewa ya ukaa na barafu ya sayari ile. Hapa mtaani kuna fundi anayeuza kwa dola 150 chombo cha kuendesha jenereta kwa maji, naye anadai kwamba ni ufundi uleule. Je, ni kweli? (Mwanafunzi wa chuo kikuu)

JIBU: Ndugu mwanafunzi, nakushukuru kwa kuuliza kabla ya kulipa, kwa maana wengi wanaoniletea swali hili hapa Bukavu huwa wameshatoa pesa.

Hewa ya ukaa na maji si fueli, bali ni majivu. Hewa ya ukaa ni kaboni iliyokwisha kuungua, na maji ni haidrojeni iliyokwisha kuungua. Mama anayepika kwa mbabula anajua vizuri kwamba majivu ya jana hayaivishi maharage ya leo. Anayetaka kuyarudisha kuwa fueli hana budi kuyalipa nishati yote ambayo moto uliitoa, pamoja na ile itakayopotea njiani.

Huko Mirihi malipo hayo yamekwisha kupimwa. Asilimia 95 ya hewa yake ni hewa ya ukaa, na mtambo wa MOXIE, uliobebwa na gari la Kimarekani la Perseverance, uliipasha moto hadi nyuzi 800 na kuitenganisha kwa umeme. Kati ya mwaka 2021 na 2023 ulitengeneza gramu 122 za oksijeni, na ulipofanya vizuri kabisa ulitoa gramu 12 kwa saa. Kuwanyanyua wanaanga wanne kutoka Mirihi kunakadiriwa kuhitaji tani 7 hivi za fueli na tani 25 za oksijeni ya kuiunguzia. Kwa mwendo wa MOXIE, oksijeni hiyo ingechukua zaidi ya miaka 230. Mtambo mkubwa zaidi utapunguza miaka, lakini hautapunguza deni: kila kilo ya oksijeni itadai karibu kilowati-saa 5, yaani 125,000 kwa tani zote 25, kabla ya kuhesabu umeme wa kuisukuma hewa nyembamba ya huko na wa kuipoza oksijeni hadi nyuzi 183 chini ya sifuri ili iwe kimiminika. Ndiyo sababu wahandisi wanafikiria kupeleka kinu cha nyuklia. Hakuna anayedhani kwamba nishati itatoka katika hewa yenyewe. Wanachookoa ni uzito wa kubeba tani hizo kutoka duniani.

Nasi wa Ziwa Kivu tusidanganywe na methani yetu, gesi inayowaka ambayo ndiyo pia inayofikiriwa kuwa fueli ya roketi ya Mirihi. Kilomita za ujazo 60 hivi zilizoyeyuka katika kilindi cha ziwa hili ni fueli kwa sababu oksijeni ya kuziunguza tunaivuta bure hewani. Mirihi, tangi la methani lisilo na oksijeni halina faida, na ndiyo maana mipango mingine inabeba methani kutoka duniani na kuacha oksijeni pekee itengenezwe huko.

Sasa chombo cha fundi wako. Kinatenganisha maji kwa umeme wa betri, betri inajazwa na dinamo, dinamo inazungushwa na injini, na injini inaunguza esanse. Tangu mwanzo hadi mwisho anayelipa ni esanse, na kila hatua inakula sehemu yake. Kinachoniudhi zaidi ya wizi huo ni hatari yake, kwa kuwa vyombo vingi vya aina hii hupitisha haidrojeni na oksijeni pamoja katika mpira mmoja, na mchanganyiko huo hulipuka kwa cheche ndogo kabisa. Watu huvifunga nyumbani, penye watoto na mbabula inayowaka, kwa sababu wameambiwa kwamba ndani yake mna maji tu.

Yeyote anayekuuzia mtambo wa maji, mwombe autenge na betri na esanse mbele yako, kisha auwashe. Akikuambia kwamba betri ni ya kuanzishia tu, mwache auendeshe mtambo saa nzima bila kuichaji betri hiyo, huku umesimama mbali.